Namna Reli na Madaraja Yake Yanavyotunzwa

Jumapili ya tarehe 22 Desemba 2013, treni ya mizigo iliyokuwa ikipita Kibera, mjini Nairobi, iliacha reli. Mabehewa yaliangukia nyumba za mabati zilizokuwa kando ya njia, na watu wakajeruhiwa. Wengi waliosikia habari hiyo walijiuliza swali moja: Je, chuma kizito namna hii huwezaje kutoka katika njia yake?

Swali hilo lastahili jibu lililo wazi, kwa sababu reli ingali inapita Kibera, na watu wangali wanaishi, wanauza na kuvuka karibu nayo. Hupita hapo treni za abiria zinazotoka Nairobi kwenda upande wa Dagoretti na Kikuyu. Watoto huvuka njia hiyo waendapo shule. Wauzaji hupanga nyanya, mitumba na samaki karibu na vyuma, nao husogeza vitu vyao wasikiapo honi. Kawangware, ulio upande wa kaskazini wa barabara ya Ngong, hauna reli katikati ya nyumba zake kama Kibera. Lakini, kama itakavyoonekana hapa chini, wenyeji wa Kawangware nao wana sehemu yao katika jambo hili.

Kinachoishika treni katika njia

Treni haina usukani. Dereva aweza kuongeza mwendo au kuupunguza, lakini hawezi kuigeuza kulia wala kushoto. Kazi hiyo ni ya reli yenyewe. Kila gurudumu lina ukingo wa chuma upande wa ndani, na ukingo huo, ambao kimo chake ni upana wa vidole viwili hivi, ndio unaolizuia gurudumu lisitoke.

Reli ya zamani, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901, ina nafasi ya mita moja baina ya chuma na chuma. Reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina nafasi ya milimita 1,435. Katika reli zote mbili sharti ni lile lile: nafasi hiyo isipanuke wala isipungue kupita kiasi kilichowekwa, na vyuma viwili visipishane kwa kimo ila pale mafundi walipokusudia, kama vile kwenye kona.

Vyuma vya reli hulazwa juu ya mataruma, yaani vipande vya mbao, vya chuma au vya saruji vilivyopangwa kukingama chini yake. Mataruma huvishika vyuma visiachane. Vyuma navyo hufungwa kwenye mataruma kwa misumari mikubwa, bolti na vibano. Na pale chuma kimoja kinapokutana na kingine, huungwa kwa vipande viwili vya bapa vilivyokazwa kwa bolti. Chini ya hayo yote kuna kokoto.

Watu wengi hudhani kwamba kokoto zimemwagwa pale ili majani yasiote. Kwa kweli zina kazi tatu kubwa. Kwanza, huupokea uzito wa treni na kuutawanya, ili udongo wa chini usididimie. Pili, hukaa kati ya taruma na taruma na kuyazuia yasisogee. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa sana, hupitisha maji. Mvua inyeshapo, maji hupenya kati ya mawe na kutoka pembeni hadi mtaroni, na tuta la reli hubaki kavu.

Basi, kokoto zikijaa udongo, majivu na takataka, maji hayana pa kutokea. Udongo ulio chini hulainika. Kila treni ipitapo, taruma hushuka na kupanda, na tope husukumwa juu kama maji ya pampu. Baada ya muda upande mmoja wa njia hudidimia kuliko wa pili. Behewa likifika mahali hapo hujipinda, na gurudumu moja hupungukiwa na uzito. Gurudumu lililopungukiwa na uzito huweza kupanda juu ya chuma, likavuka na kuanguka nje. Dereva hawezi kuyaona hayo akiwa mbele. Huyajua tu wakati breki zinaposhika na mabehewa ya nyuma yanapoanza kuvutana.

Hii ndiyo sababu mafundi wa reli huogopa tope kuliko uzito. Treni nzito juu ya njia kavu na iliyokazwa vizuri hupita salama, lakini hata treni nyepesi ina hatari juu ya njia iliyolainika.

Kazi ifanywayo baada ya ajali

Mtu aonaye mabehewa yakiinuliwa kwa winchi aweza kufikiri kwamba, yakisha kuondolewa, kazi imekwisha. Lakini kuinua mabehewa ni mwanzo tu. Treni iliyoacha reli huenda ikaburutwa mbali kabla ya kusimama, na katika mwendo huo magurudumu yake hupiga mataruma, hukata bolti na kupinda vyuma. Kwa hiyo mafundi hurudi nyuma kwa miguu, wakitafuta alama ya kwanza ya gurudumu juu ya chuma au juu ya taruma. Alama hiyo ndiyo ushahidi wao. Hapo ndipo wanapopima nafasi baina ya vyuma, kimo cha kila upande na hali ya kokoto, kwa kuwa chanzo cha ajali hukaa mahali gurudumu lilipotokea, wala si mahali treni iliposimama.

Ikiwa ajali imetokea juu ya daraja au karibu nalo, uangalifu huzidi maradufu. Juu ya madaraja mengi ya reli mtu aweza kuona vyuma vinne badala ya viwili. Vile viwili vya ndani havibebi treni siku zote. Viliwekwa kuwa walinzi: gurudumu likitoka, vyuma hivyo hulizuia lisiende mbali, ili behewa lisiangukie mtoni wala lisigonge mihimili ya daraja. Baada ya ajali huangaliwa kama walinzi hao wamepindika. Kisha hukaguliwa mihimili, ribiti na maungo, mmoja mmoja, kutafuta ufa. Maana ufa mwembamba kama unywele huendelea kurefuka kila treni ipitapo. Huangaliwa pia vile vitako ambavyo mihimili imelazwa juu yake. Mhimili ukisogea kidogo tu kutoka kitakoni, reli iliyo juu yake huwa imepinda tayari.

Mwisho wa yote, treni ya kwanza huruhusiwa kupita kwa mwendo wa mtu atembeaye, na mafundi husimama pembeni wakitazama jinsi njia inavyoupokea uzito. Huwekwa kibao cha kumwamuru dereva apunguze mwendo, na kibao hicho hubaki mpaka kokoto zimeshindiliwa na vipimo vimerudiwa. Abiria wanaonung'unika kwamba treni inakwenda polepole mno mahali fulani yafaa wajue kwamba huenda polepole hiyo ndiyo inayowafikisha.

Adui mkubwa wa daraja

Madaraja ya reli hujengwa kubeba uzito mkubwa kuliko ule wa treni zinazopita juu yake. Kwa sababu hiyo ni nadra daraja kuvunjika kwa uzito. Linaloliangusha mara nyingi ni maji, nayo hufanya kazi yake chini, mahali ambapo jicho halifiki.

Mto unapofurika, maji hugonga nguzo ya daraja na kuzunguka mbele yake kwa nguvu. Mzunguko huo huchimba udongo na mchanga unaoshika msingi. Shimo hukua wakati wa gharika; na maji yapunguapo, tope laini hujaa ndani yake tena. Asubuhi mtu akitazama huona mto umetulia na nguzo imesimama wima, akadhani mambo ni salama, kumbe nguzo imesimama juu ya uji. Kwa ajili hiyo mkaguzi mwenye ujuzi hatosheki kutazama. Huchukua fimbo ndefu ya chuma au kamba yenye uzito, akapima kina cha ardhi ngumu kando ya kila nguzo, na kulinganisha na kipimo cha mwaka uliopita.

Kenya ina kumbukumbu chungu ya jambo hili. Tarehe 30 Januari 1993, treni ya abiria katika njia ya Mombasa na Nairobi ilifika kwenye daraja la mto Ngai Ndethya, katika nchi kavu ya upande wa Mtito Andei. Mto huo kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji. Lakini mvua kubwa ilikuwa imenyesha, gharika ikashuka kwa ghafula na kulichukua daraja. Treni ikatumbukia. Watu zaidi ya mia moja walikufa.

Mkasa kama huo ulitokea New Zealand, usiku wa kuamkia Krismasi, tarehe 24 Desemba 1953, mahali paitwapo Tangiwai. Maji yaliyochanganyika na tope na mawe yalishuka kutoka ziwa lililo juu ya mlima wa volkeno, yakapiga nguzo za daraja dakika chache tu kabla ya treni kufika. Watu 151 walikufa. Baada ya msiba huo viliwekwa vyombo vya kuonya juu mtoni, na baadaye vikatengenezwa vilivyo bora zaidi. Tarehe 18 Machi 2007 tope kama lile lilishuka tena kwa wingi. Safari hiyo onyo lilipatikana mapema, treni zikazuiwa, wala hakufa mtu hata mmoja. Mlima haukubadilika, wala mto haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu walikuwa wamejiandaa.

Mfereji mdogo ulio chini ya tuta

Madaraja makubwa huonekana na kila mtu. Lakini reli ina pia mifereji mingi midogo ipitayo chini ya matuta yake, ambayo kazi yake ni kuyapitisha maji ya mvua kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mfereji huo ukiziba, tuta la reli hugeuka kuwa ukuta wa bwawa, na bwawa hilo hakuna aliyelipima wala aliyelijenga liwe bwawa.

Matokeo yake yalionekana alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, wakati wa mvua kubwa zilizoipiga Kenya mwaka huo. Katika miinuko ya Old Kijabe, juu ya Mai Mahiu, njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na miti, mawe na udongo. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, yakapanda, kisha yakalipasua na kuteremka kwa nguvu juu ya vijiji vilivyokuwa bado vimelala. Zaidi ya watu hamsini walikufa. Hapakuwa na treni hata moja katika msiba huo. Mfereji ulioziba ulitosha.

Habari hii ni ya kufikiriwa sana na wakaao Kibera na Kawangware. Kibera imelala juu ya mteremko unaoshuka kwenye mto Ngong na bwawa la Nairobi. Maji yote ya mvua yaangukayo juu ya mabati ya maelfu ya nyumba hutafuta njia ya kushuka, nayo hukutana na tuta la reli. Mitaro na mifereji ya reli ikiwa wazi, maji hupita. Ikijaa mifuko, matambara na mabaki ya chakula, maji husimama. Mengine huingia majumbani, na mengine hulainisha tuta ambalo treni ya jioni itapita juu yake.

Wenyeji wa Kawangware wako kando ya mto Nairobi, ambao huteremka kupitia katikati ya jiji na kuendelea upande wa mashariki hadi Dandora, ambako njia ya reli ya kwenda Githurai na Ruiru hulazimika kuuvuka. Taka itupwayo mtoni Kawangware haipotei. Husafiri, hukutana na tawi lililokwama, hushikamana nalo, na mwisho huweza kuwa kizuizi mbele ya nguzo ya daraja ambalo jamaa na rafiki wa mtupaji hupita juu yake kwenda kazini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si cha nafaka.

Lakini si haki kumlaumu mkazi peke yake. Mahali pasipo na jalala wala gari la kuchukua taka, mtu hutupa penye nafasi. Kazi ya kusafisha mitaro ya reli ni ya Shirika la Reli, na kazi ya kuondoa taka za mitaa ni ya serikali ya kaunti. Mkazi aweza kutimiza wajibu wake vizuri ikiwa wenye mamlaka nao wametimiza wao. Mmoja akilala, kazi ya mwenziwe huharibika.

Bolti moja na bei yake

Jambo jingine ni vyuma vya reli vinavyong'olewa. Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, vijana waling'oa reli katika Kibera, na mizigo ya kwenda magharibi na Uganda ikakwama. Hasira ya wakati ule inajulikana. Lakini wako pia wanaong'oa bolti na vibano kimya kimya, bila hasira yoyote, ili kuviuza kama chuma chakavu. Uharibifu wa mali ya umma wa namna hiyo ulizidi hata Januari 2022 serikali ya Kenya ikasimamisha biashara yote ya chuma chakavu kwa muda wa miezi kadhaa, mpaka masharti mapya yalipowekwa.

Bolti moja huuzwa kwa fedha isiyotosha mlo wa siku. Ikiwa imetolewa katika kiungo cha reli, kiungo hulegea. Bolti zilizobaki hubeba kazi ya ile iliyotoka, nazo hukatika moja baada ya nyingine. Mwizi hajui ni treni gani itakayopita wakati kiungo kitakapoachia, wala ni nani atakayekuwa ndani yake, wala ni nani atakayekuwa amelala katika nyumba iliyo kando.

Nafasi kati ya nyumba na njia

Mwaka 2004 waliokuwa wakikaa na kufanya biashara kando ya reli katika Kibera na Mukuru waliarifiwa kwamba waondoke katika upana wa mita 30 kila upande. Habari hiyo iliwatia watu hofu kubwa, kwa kuwa wengi hawakuwa na mahali pa kwenda. Ubomoaji haukutekelezwa kama ulivyotangazwa. Badala yake kulifanyika mashauriano. Nyumba na vibanda vilihesabiwa pamoja na wakaazi wenyewe. Na wajumbe walisafiri hadi Mumbai, India, kuona namna watu waliokaa kando ya reli ya mji ule walivyohamishwa kwa mpango. Hatimaye, kwa msaada wa Benki ya Dunia, vilijengwa nyumba na vibanda vya waliopaswa kusogea, na ukuta wa kuitenga njia.

Sababu ya kutaka nafasi hiyo ni rahisi kueleweka. Treni iliyopakia mizigo haiwezi kusimama katika hatua chache; huweza kuhitaji mamia ya mita tangu breki zishikapo. Ikiacha njia, behewa huanguka pembeni. Pakiwa na nafasi, huanguka juu ya ardhi tupu. Pasipo nafasi, huanguka juu ya nyumba, kama ilivyokuwa mwaka 2013. Tena fundi asiye na mahali pa kusimama hawezi kukagua mtaro, wala kushindilia kokoto, wala kuleta winchi siku ya ajali.

Yafaayo kufanywa

Anayekaa karibu na reli huiona kila siku, naye huweza kutambua kasoro kabla ya mkaguzi kufika. Zipo dalili ambazo mtu yeyote aweza kuzijua: tope linaloruka kati ya mataruma treni ipitapo, maji yaliyosimama kando ya tuta siku nyingi baada ya mvua, mfereji ulioziba, bolti au kibano kilichokosekana, chuma chenye ufa, tuta lililomomonyoka likaacha taruma likining'inia, na nguzo ya daraja ambayo udongo wake umechimbwa na mto. Aonaye mojawapo ya hayo apeleke habari kwa mkuu wa stesheni iliyo karibu au kwa chifu wa mahali pake, aseme ni mahali gani hasa na tangu lini. Akiona hatari iliyo wazi na treni inakaribia, asisimame juu ya reli. Atembee kando yake, mbali kuielekea treni, akipunga kitambaa kwa nguvu ili dereva amwone mapema.

Nao wenye reli, wakisha kupewa habari, wajue kwamba mtu aliyeleta habari mara moja na asione lolote likifanyika, hatarudi mara ya pili. Fundi aletwe, atazame, na mwenye kuleta habari aambiwe kilichofanywa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya reli ukuta huo hujengwa kwa gharama kubwa sana, na fedha ni sehemu ndogo tu ya gharama yake. Mtaro wa Kibera ukizibuliwa leo, hakuna atakayeandika habari zake kesho, maana hakuna kitakachotokea. Treni ya jioni itapita kama kawaida, wauzaji watasogeza nyanya zao, na watoto watangoja ipite ndipo wavuke kurudi nyumbani.